Kukanda si Kuchua

Niliteleza bafuni nyumbani kwangu Mlaleo, hapa Kisauni, nikauangukia mkono. Jioni hiyo nilimwendea jirani yangu, bibi mmoja ambaye mtaa mzima humjia kwa maumivu ya mgongo na viungo. Alikishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili tu. Hakutia mafuta wala maji ya moto. “Mwanangu, hapa hapakuteguka, pamevunjika. Mimi sipachui. Nenda ukapigwe picha.” Eksirei ilimthibitisha.

Plasta ilipoondolewa, kijana mtaalamu wa tiba ya viungo aliniagiza nifanye “masaji” kila jioni. Nikamwuliza: nikande ama nichue? Akatabasamu, akasema yote ni mamoja.

Si mamoja hata kidogo. Kukanda, kama wakandavyo unga, ni kubonyezabonyeza, aghalabu kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Kuchua ni kusugua kwa mafuta au dawa, kufuata msuli. Kusinga nako ni kupaka na kusugua liwa na manukato, nako ni kwa maharusi zaidi kuliko wagonjwa. Maneno matatu, kazi tatu. Kisha likaja hilo moja kutoka vibao vya hoteli za Bamburi, likayameza yote.

Wasomaji wataniambia kwamba huu ni ushabiki wa mwanaisimu. Lau ungekuwa ushabiki tu! Aliyeteguka leo akikandwa kwa maji ya moto leo hii, uvimbe huzidi. Shavu la mguu lililovimba kwa sababu damu imeganda mshipani halichuliwi kamwe, kwani donge lile huweza kung’oka likaenda mapafuni, na mtu akafa. Basi mgonjwa aliyekatazwa “masaji” ataelewa nini? Hamali wa Kongowea atadhani amekatazwa anasa za watalii, arudi kwake akachuliwe kama desturi.

Sitetei kila mkandaji. Wapo wanaovuta mfupa uliovunjika hadi mgonjwa azirai, na hao wazuiliwe. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ilipitishwa mwaka 2014, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaitambua tiba ya jadi. Ilhali vijana wetu wanafunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha wanatumwa kwa wagonjwa wanaosema nimeteguka, nimeshtuka mshipa, mguu umekufa ganzi. Kila neno hapo ni nusu ya uchunguzi, na kijana huandika “maumivu” tu, tena kwa Kiingereza.

Walimu wa vyuo vya utabibu wawalete wanafunzi wao mitaani waketi na wakandaji, nasi wa idara za Kiswahili tuje na daftari zetu. Nimekwisha kumwuliza jirani yangu. Amekubali, mradi waje baada ya swala ya alasiri, na wasije wote kwa pamoja, kwani kibaraza chake ni kidogo.