Asilimia hazipimi thamani ya kijana



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali, ule tunaouita Egzeta, yanapotoka, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe na nyimbo hujaa njiani. Tunafurahi pamoja nao. Lakini nani anaingia nyumbani kwa yule ambaye hakufikisha asilimia 50, akakosa diploma?

Hapa Minembwe swali hilo ni zito. Mtihani ni wa taifa zima, lakini hawausomei wote katika hali moja. Tangu 2017 vita vimechoma vijiji vingi vya milima ya juu na kufukuza familia nyingi. Kijana aliyekimbia akaacha madaftari yake huambiwa na jamaa: «Wewe ndiwe tumaini letu, usituaibishe.» Ng'ombe wa mwisho ameuzwa ili minervali ilipwe. Mzigo huo hugeuka kuwa sauti moyoni mwake: nikikosa, mimi si kitu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani, kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana shida ya afya ya akili. Basi wako pia katika kwaya zetu.

Wengine huongeza mzigo kwa Mathayo 5:48, wakisema Mungu anadai ukamilifu. Tuanze kusoma mstari wa 43. Yesu anafundisha juu ya kumpenda adui, na juu ya Baba anayewaangazia jua wema na waovu. Neno la Kigiriki pale, teleios, lina maana ya kukomaa, kufikia utimilifu. Ni ukamilifu wa upendo, si wa pointi. Na katika milima ambako Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu wote wamezika watu wao, mtihani huo ni wetu wazazi kwanza.

Kwa hiyo, siku ya matokeo, wazee wa kanisa watembelee nyumba zote mbili: ya aliyefaulu na ya aliyekosa. Kijana asiyelala, asiyekula, anayejitenga na kujidharau, tumsikilize bila kumhukumu. Tumwombee, tena tumpeleke kwa muuguzi. Moja halizuii jingine. Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Kristo alimfia kijana huyo kabla hajaandika jibu lolote. Ajue hilo kupitia kwetu.