Bukavu: Anayenunua skrini aangalie nyuma kabla ya mbele

Katika maduka ya kompyuta ya Ibanda na Kadutu, mnunuzi wa skrini, au ekra kama wengi wanavyoiita, huuliza kwanza ukubwa wake, bei yake na kama inawaka. Swali ambalo lingemwokolea pesa zaidi huachwa: skrini hiyo inaunganishwa na kompyuta kwa kable gani?

Zipo njia mbili. Ya zamani ni VGA, yenye kichwa cha pini 15, mara nyingi cha rangi ya buluu. Ililetwa na IBM mwaka 1987, wakati skrini zilikuwa na mgongo mkubwa kama televisheni za zamani. Njia hiyo ni ya analogi. Njia ya pili ni ya dijitali: DVI ya mwaka 1999, HDMI iliyotoka mwishoni mwa 2002, na DisplayPort iliyofuata.

Tofauti yao inaonekana machoni. Kompyuta hutengeneza picha kwa tarakimu, na skrini bapa ya leo huonyesha kwa tarakimu vilevile. VGA ikiwa katikati, tarakimu hugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme, kisha skrini huyarudisha tena kuwa tarakimu. Kable ikiwa ndefu au hafifu, herufi hupata ukungu na kivuli. Kijana wa sekretaria ya umma anayeandika kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi tangu asubuhi hadi jioni ndiye anayelipa, kwa macho yake.

Kwa hiyo, penye tundu la dijitali kwenye kompyuta na kwenye skrini, hakuna sababu ya kutumia VGA. Hata hivyo, mwenye mashine ya zamani asiingie deni kwa sababu ya aibu. Kwa skrini ndogo na kable fupi, VGA bado inafanya kazi vizuri, na skrini nyingi zina kitufe cha kurekebisha picha zenyewe.

Hasara kubwa iko kwenye adapta. Adapta ya kutoa HDMI kwenda VGA ina chipu ndani yake, na haifanyi kazi kinyume. Mwenye kompyuta ya VGA tu aliyenunua skrini ya HDMI tu anahitaji adapta nyingine, ambayo mara nyingi hudai pia umeme wa USB. Akipewa ile isiyo yake, atafika nyumbani na kukuta skrini nyeusi. VGA pia haibebi sauti. Anayetaka kuonyesha filamu au mafundisho ukumbini atafute waya mwingine wa sauti.

Hata kable ya dijitali ina mtego wake. Kwa umbali mfupi, HDMI ya bei kubwa yenye rangi ya dhahabu haitoi picha nzuri kuliko ya kawaida iliyo nzima. Tarakimu zikifika salama, picha ni ileile. Zisipofika, picha hukatika au hupotea.

Wakuu wa shule, wenye cyber na viongozi wa makanisa wanaonunua vifaa vingi kwa mara moja waandike aina ya tundu kwenye oda yao, pamoja na ukubwa na bei. Skrini yenye tundu zote mbili ndiyo inayofaa zaidi mjini hapa, ambapo mashine mpya na zile za mitumba hukaa kwenye meza moja.

Nao wachuuzi wana wajibu. Taa ya skrini kuwaka haithibitishi kwamba itapokea picha. Mteja aruhusiwe kuja na kompyuta yake na kujaribu kabla ya kulipa. Na umeme ukiwa umekatika, apewe risiti inayomruhusu kurudisha. Dola za mzazi wa Bukavu hazipatikani kirahisi hadi ziishie kwenye kable isiyoingia popote.