Deni la Chuo kwa Mchezaji Aliyeondoka

Juni 2009, NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilipochagua wachezaji wapya, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, aliitwa wa pili. Stephen Curry wa Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, aliitwa wa saba. Wote wawili walikuwa wamekaa chuoni miaka mitatu, wakauacha wa nne. Huku kwetu tulishangilia urefu wa kijana wetu na fedha zilizokuwa zikimngoja. Habari za shahada hazikuingia kwenye mazungumzo, wala sioni ajabu. Nani angemshauri kijana wa miaka 21 au 22 ayape kisogo mamilioni ya dola kwa ajili ya mihula miwili?

Curry alihitimu sosholojia Mei 2022, miaka 13 baadaye. Mada aliyoiandikia ilikuwa usawa wa kijinsia katika michezo. Siku ya mahafali hakuonekana, kwa kuwa timu yake ya Golden State Warriors ilikuwa katikati ya mechi za mchujo. Mwezi uliofuata akatwaa ubingwa na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Chuo kikamwandalia hafla yake Agosti 31, akavaa joho, na siku hiyohiyo jezi yake namba 30 ikastaafishwa. Davidson ina sharti kwamba hastaafishiwi mtu jezi kabla hajahitimu. Fikiria: mchezaji maarufu kuliko chuo chenyewe, na bado chuo hakikulegeza kamba kwa miaka yote hiyo. Sharti hilo nalipenda mno.

Mwezi uleule wa Mei, Jerome Bettis, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, alihitimu biashara katika Chuo Kikuu cha Notre Dame akiwa na miaka 50. Aliondoka pale mwaka 1993 na ahadi kwa mama yake kwamba atarudi kumaliza. Shaquille O'Neal, nyota wa kikapu, naye aliondoka Louisiana State mwaka 1992, akahitimu mwaka 2000.

Habari hizi husimuliwa kama visa vya ahadi na nidhamu: mama analia, mwana anavaa joho, kamera zinawaka. Ni habari njema, sikatai. Ugomvi wangu ni kwamba zinaligeuza suala zima kuwa la moyo wa mtu mmoja, na chuo kinabaki mwenyeji mkarimu anayepokea mgeni. Mimi naona chuo ni mdaiwa.

Kwa miongo mingi vyuo vya Marekani na shirika linalosimamia michezo yao, NCAA, vilikataa kuwalipa wachezaji fedha taslimu. Hoja yao ilikuwa kwamba mchezaji analipwa elimu. Haya, tuichukue hoja hiyo kama walivyoitoa. Kanuni inaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki wakati wa msimu, lakini safari na matibabu ya majeraha havimo katika saa hizo. Maabara ya mchana inapogongana na mazoezi, maabara ndiyo inayopisha. Wapo wanaochagua fani kwa kufuata ratiba ya kocha. Chuo kinavuna tiketi na haki za televisheni, kijana anavuna vipindi vilivyobaki. Akiondoka baada ya mwaka wa tatu, ameondoka kwa hiari yake, ndiyo, ila mwaka wa nne wa ule ujira haujatumika. Ujira ambao haujachukuliwa haugeuki kuwa mali ya tajiri.

NCAA yenyewe ilikubali nusu ya jambo hili. Mwaka 2018, baada ya tume ya mpira wa kikapu wa vyuo iliyoongozwa na Condoleezza Rice, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, vyuo vya daraja la kwanza vilitakiwa kuwalipia ada na vitabu wachezaji wa mpira wa kikapu wanaorudi kumaliza. Masharti yake: uwe ulikuwa na ufadhili, ulisoma walau miaka miwili, unarudi chuo kilekile, umekosa njia nyingine ya kulipa, na hujapitisha miaka kumi tangu uondoke.

Hiyo miaka kumi ndiyo inayonikera. Piga hesabu. Mchezaji wa kawaida, asiye Curry, anaondoka na miaka 21, anajaribu NBA, anakosa nafasi, anazunguka Uturuki, Ufilipino na Taiwan hadi goti linapogoma akiwa na miaka 33. Hapo ndipo anapokumbuka chuo, na mlango umeshafungwa miaka miwili iliyopita. Kanuni inamkinga aliyeshindwa mapema na kumtupa aliyevumilia. Na kwa nini, hadi mwaka 2024, ilikuwa ya mpira wa kikapu peke yake? Mkimbiaji naye alivunjika mifupa kwa jina la chuo.

Tazama pia namna vyuo vinavyojihesabu. Kiwango cha kuhitimu ambacho NCAA hukitangaza kwa fahari humwondoa kwenye hesabu mchezaji anayeondoka akiwa na alama nzuri. Hahesabiwi amehitimu, hahesabiwi ameshindwa, ametoweka tu. Kipimo chao kingine, cha maendeleo ya masomo ya timu, huipa timu pointi ya ziada mchezaji wa zamani anaporudi kuhitimu. Kwa hiyo aliyetoweka hurudi kuwa na thamani siku analeta pointi. Tusishangae simu ya kocha wa zamani inapoita ghafla.

Wapo watakaosema mambo yamebadilika, na wana hoja. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kugawana na wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Anayelipwa fedha anunue elimu yake mwenyewe! Kwa nyota wa leo nakubali. Lakini waliocheza bila senti kabla ya mwaka 2016 hawakuwahi kukaa kwenye meza hiyo, na deni lao linabaki palepale.

Kurudi nako kuwe kurudi darasani kweli. Hapa Waswahili tuna kidonda chetu. Uchunguzi wa mwaka 2014 katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ulionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wanamichezo, walipitia madarasa yasiyo na mihadhara, unaandika insha moja unapewa alama ya juu. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotumiwa hivyo: mtu alitimiza sharti la lugha ya kigeni kwa insha ya Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili. Mwaka 2017 NCAA ilisema haiwezi kuthibitisha kwamba kanuni zake za masomo zilivunjwa, kwa kuwa madarasa yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Shahada ya namna hiyo ni bora ikose kumaliziwa.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki aliyekwenda huko kwa mbio au kikapu kuna ukuta mwingine. Akiacha masomo, viza ya mwanafunzi nayo haimfai tena. Kurudi ni kuanza upya, barua ya chuo, ubalozi, uthibitisho wa fedha. Akibaki nyumbani, mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi atamwomba cheti, na krediti 90 kati ya 120 hakuna anayejua azipachike wapi kwenye fomu ya maombi ya kazi.

Mzazi unayeletewa karatasi za ufadhili sasa hivi, kabla mwanao hajasaini, uliza mambo matatu: akiondoka kabla ya kumaliza anaweza kurudi baada ya miaka mingapi, ada atalipa nani, na je, krediti zake za zamani bado zitahesabiwa? Majibu yaandikwe, yapigwe saini, na nakala ubaki nayo.