Mambo ya Nyumbani: Bajia

Bajia tulizipata kwa Wahindi, nasi hapa Kasulu na Kibondo twazipenda. Lakini mara nyingi twaziona laini, zimelowa mafuta, wala hazinunuliwi. Na fedha ya nyumba imepotea. Sababu ni maji.

Katakateni kabichi na vitunguu, tieni chumvi, ngojeni kidogo, kisha kamueni sana, kwa kuwa chumvi huvuta maji. Changanyeni na unga wa dengu, bizari na giligilani. Dondosheni tone katika mafuta: likituama chini, ngojeni, likipanda upesi na kutoa mapovu, anzeni. Kaangeni chache chache, maana nyingi huyapoza mafuta, nazo huyanywa. Watoto wakae mbali na karai.

Haba na haba hujaza kibaba. Mafuta yaliyookolewa ni daftari la mtoto.