Umejisajili mbio ndefu? Mkazi wa Kanda ya Ziwa, jiulize kwanza kuhusu selimundu

Hamasa ya mbio imepanda nchini. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, aliposhinda marathoni jijini Tokyo. Alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho, wote wawili wakiandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48.

Ushindi kama huo huwatoa watu kitandani. Kalenda nayo imejaa. Mwanza tuna Rock City Marathon, Dodoma kuna NBC, Dar es Salaam kuna CRDB, na mwishoni mwa Februari kuna Kilimanjaro Marathon inayokimbiwa Moshi tangu mwaka 2003. Hiyo ya Moshi ndiyo inayowapandisha basi wakimbiaji wengi wa ridhaa kutoka mikoa mingine. Ukihesabu wiki 16 kurudi nyuma kutoka mwisho wa Februari, unaangukia mwanzoni mwa Novemba. Anayeitaka Moshi anatakiwa kuanza wakati mvua za vuli zinanyesha, si baada ya sikukuu za mwaka mpya.

Mbio nyingi kati ya hizi ni za hisani. Za CRDB zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na za NBC zimechangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni jambo jema. Lakini tumefika mahali mtu analipa ada kusaidia moyo wa mtoto wa mwenzake, huku presha yake mwenyewe haijapimwa miaka mitano. Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna kipimo kingine ambacho wakimbiaji wachache hukifikiria, nacho ni cha selimundu.

Kwa nini Kanda ya Ziwa?

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi. Jina lake linajieleza: seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zinajikunja na kuwa na umbo la mundu. Mtoto anayerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama anaugua. Anayerithi kimoja tu haugui. Anakua, anasoma, anacheza mpira, na anaweza kuzeeka bila kujua kwamba anacho.

Miaka ya 1950 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba kinasaba hiki kipo kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Sababu ni malaria. Mtoto mwenye kinasaba kimoja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo kwa karne nyingi watoto wa aina hiyo walinusurika zaidi na kukirithisha.

Matokeo yake tunayaona leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima sampuli za damu za watoto wachanga 17,200 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Watoto 210, sawa na asilimia 1.2, walikuwa na ugonjwa wenyewe. Wengine 3,492, sawa na asilimia 20.3, walikuwa na kinasaba kimoja. Hiyo ni takriban mtu mmoja kwa kila watano. Klabu yako ya jogingi ikiwa na watu 30, yawezekana sita kati yao wanacho na hawajui.

Kinachotokea mwilini

Kwa maisha ya kila siku, kinasaba kimoja hakina madhara kwa watu wengi. Tatizo huja pale mambo kadhaa yanapokutana: juhudi kubwa ya ghafla, joto kali, mwili uliopungukiwa maji, na mtu ambaye hajazoea. Hapo damu inakosa oksijeni ya kutosha, misuli inazalisha tindikali, na baadhi ya seli zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo. Misuli iliyokosa damu huanza kuharibika. Mabaki yake huingia kwenye damu na kuziumiza figo, na moyo nao unaweza kuvurugika mapigo.

Jifunze kutofautisha hali hii na kukaza kwa misuli kunakowapata wakimbiaji wote. Msuli uliokaza unauma ghafla, unakuwa mgumu kama jiwe, na mtu anapiga kelele. Anayepatwa na shida ya selimundu mara nyingi anasema miguu imeishiwa nguvu, imekuwa mizito, haibebi tena. Ukishika msuli wake ni laini. Anaweza kuwa anaongea vizuri kabisa, na wenzake wakamwita mvivu. Mkojo wake baadaye ukibadilika rangi na kuwa kama kahawa au soda nyeusi, huo ni wito wa kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Usiogope, wala usipuuze

Mwaka 1987 watafiti nchini Marekani waliripoti jambo la kutisha. Miongoni mwa askari weusi waliokuwa kwenye mafunzo ya awali, wenye kinasaba kimoja walikuwa na hatari ya kufa ghafla bila sababu nyingine kupatikana mara 28 hivi kuliko wasio nacho. Baadaye jeshi lilisimamia masharti ya maji, mapumziko, na kupunguza mazoezi kwenye joto, kwa askari wote.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine uliowafuatilia askari weusi karibu 48,000. Safari hii hapakuwa na tofauti ya vifo kati ya wenye kinasaba na wasio nacho. Hatari ya misuli kuharibika ilikuwa bado ipo, juu kwa asilimia 54, lakini kiwango hicho kilikuwa sawa na cha wanaotumia tumbaku.

Chukua somo hilo nyumbani. Kinasaba hakikuondoi barabarani. Nchini Kameruni, watafiti wamewachunguza watu wanaoshindana kupanda na kushuka mlima mrefu wa nchi hiyo, na wenye kinasaba kimoja wamo miongoni mwao. Kinachomlinda mtu ni kuzoea polepole, maji, kupumzika, na kusimama mwili unapogoma.

Wiki 16 za anayeanza

Kama hujawahi kumaliza kilomita 21, usijisajili 42. Lenga nusu marathoni, na fanya mazoezi siku nne kwa wiki: tatu fupi za kilomita nne hadi saba, na moja ndefu mwishoni mwa wiki.

Katika wiki nne za kwanza changanya kutembea na kukimbia, na siku ndefu ikomee kilomita 8. Wiki ya tano hadi ya nane panda taratibu hadi 12. Ya tisa hadi ya 12, fika 16. Ya 13 na 14, gusa 18. Wiki mbili za mwisho punguza, ili mwili uingie Moshi ukiwa umepumzika. Kila wiki ya nne, hata kama unajisikia vizuri, fanya kidogo kuliko iliyotangulia. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: kama huwezi kuzungumza sentensi nzima, punguza.

Moshi iko chini kuliko Mwanza kutoka usawa wa bahari, na Februari ni kati ya miezi yake ya joto. Tena njia ina mpando mrefu kuelekea Mweka. Anayefanya mazoezi Capri Point au Kirumba asikimbilie tambarare tu, kwani milima yetu ya mawe inatosha kumwandaa. Ila mpando uanze wiki ya sita, miguu ikiwa imekomaa, na usiukimbie kwa kasi ya mashindano. Mbio za ghafla za kupanda ndizo mahali pabaya zaidi kwa mwenye kinasaba asiye na mazoezi.

Kumbuka pia giza. Novemba jua la Mwanza huchomoza mnamo saa 12 na nusu asubuhi, na Februari karibu saa 1 kamili. Anayetoka saa 11 alfajiri anakimbia na bodaboda gizani. Vaa rangi inayong'aa, kimbia ukitazamana na magari.

Ziwa, homa na dawa za maumivu

Usijitumbukize ziwani kujipoza baada ya mazoezi. Maji ya kandokando ya ufukwe yana vimelea vya kichocho, vinavyopenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi. Kichocho cha muda mrefu huumiza ini na kuleta upungufu wa damu, na mkimbiaji mwenye damu pungufu atachoka kabla ya kilomita ya tano. Kama umeoga ziwani tangu utotoni, ulizia kipimo na dawa.

Ukiwa na homa, pumzika na upime malaria. Usisubiri "kuitoa kwa jasho".

Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya mbio ili usisikie maumivu. Dawa hizi mwilini penye upungufu wa maji huzielemea figo, na kwa mwenye kinasaba ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Kunywa maji kila unaposikia kiu, wala usijaze tumbo kwa hofu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 walikutwa na upungufu wa sodiamu, hasa waliokunywa kupita kiasi.

Mwenye presha au kisukari aonane na daktari wake kabla ya wiki ya kwanza. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na insulini huweza kushusha sukari ukiwa njiani. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi, hata mara moja, ni sababu ya kusimamisha ratiba mpaka upimwe moyo.

Kwa mzazi

Kama mtoto wako ana ugonjwa wenyewe wa selimundu, mbio ndefu na mashindano ya kasi si mahali pake. Acheze, maana kucheza ni haki yake, ila apumzike anapotaka, awe na chupa ya maji, na asiingie kwenye maji baridi ya ziwa, kwani baridi huweza kumletea maumivu makali. Mpelekee mwalimu wa michezo barua ya daktari, ili mtoto asiadhibiwe kwa kusimama katikati ya mchakamchaka.

Kama ana kinasaba kimoja, mwache ashiriki UMITASHUMTA au UMISSETA kama wenzake. Mwalimu ajue tu kwamba akisema miguu imeishiwa nguvu, asimamishwe, apelekwe kivulini, apewe maji, na asipopata nafuu mapema apelekwe hospitali.

Kipimo ni cha damu, kinachoonyesha aina ya himoglobini uliyo nayo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina uzoefu mkubwa wa selimundu. Walio mbali waulize kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa ni wapi kinapatikana karibu nao. Unapimwa mara moja tu maishani, kwa kuwa kinasaba hakibadiliki. Jibu utakalolipata lina kazi kubwa kuliko mbio. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya watano ana kinasaba, takriban ndoa moja kati ya 25 inawakutanisha wawili walio nacho, na kila mimba yao ina uwezekano wa robo ya kumpata mtoto mgonjwa. Kijana aliyepimwa kwa sababu ya marathoni atakuwa na jambo la kuzungumza na mchumba wake kabla ya harusi.

Waandaaji nao

Fomu za kujisajili huuliza saizi ya fulana. Ziongeze mistari mitatu: je, una presha, kisukari, au selimundu? Wahudumu wa kwanza wafundishwe kwamba mkimbiaji aliyekaa chini akisema miguu imeisha si lazima awe mchovu tu. Uchunguzi wa mbio za Marekani uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha wakimbiaji zaidi ya milioni 29 waliomaliza, ulionyesha kwamba mioyo inasimama kwa kiwango kilekile cha zamani, lakini vifo vimepungua kwa karibu nusu. Wataalamu wanahusisha nafuu hiyo na watu walio tayari kukandamiza kifua mapema na mashine za kushtua moyo zilizowekwa njiani. Hilo linawezekana hata hapa, tukilidai wakati tunalipa ada.

Wewe anza na lililo mikononi mwako. Wiki hii, kabla hujanunua viatu, pima presha, pima sukari, ulizia kipimo cha selimundu. Kisha weka alama kwenye kalenda, wiki ya kwanza kati ya 16.