Ukimaliza kidato cha nne Nansio, mikono unaicheza wapi?

Juzi nilivuka kwenda Nansio, mwendo wa kama saa tatu kwa kivuko kutoka Mwanza. Nilikwenda msibani, si michezoni. Lakini sisi wengine tukisikia kelele za uwanjani, miguu inajipeleka yenyewe.

Nilidhani ni soka. Kumbe vijana wa sekondari wanacheza mpira wa mikono, magoli ya miti, mistari imechorwa kwa majivu. Kulikuwa na dogo mmoja wa kidato cha nne, anatumia kushoto. Anarukia kwenye mstari wa mita sita, anakaa hewani mpaka kipa aanguke kwanza, ndipo anaachia. Nilihesabu mabao yake tisa, kisha nikaacha.

Mzee mmoja aliyevaa jezi ya Yanga akauliza huyu akimaliza shule atachezea timu gani. Tukatazamana.

Hapo ndipo penye tatizo. UMITASHUMTA ina mpira wa mikono, UMISSETA inao pia, mtoto anaanza vizuri kabisa. Akimaliza shule, njia iliyobaki ni moja: aingie jeshini. Timu zinazotamba nchini nyingi ni za majeshi. Siwalaumu, bila wao mchezo huu tungeshauzika zamani. Ila kijana asiyetaka gwanda naye ana haki ya kucheza.

Halafu hiki tunachokiita ligi. Mara nyingi timu zinakusanywa kituo kimoja, siku chache, kombe linatolewa, kila mtu kwao mpaka mwakani. Hebu fikiria Simba na Yanga wakutane wiki moja tu kwa mwaka, kisha kimya. Ungekubali?

Wenzetu Wajerumani ligi yao kuu ya wanaume ilianza miaka ya 1960, na inachezwa nyumbani na ugenini msimu mzima. Ina klabu inaitwa Flensburg, mji ulio kando ya maji kama Nansio, watu wake hawafiki laki moja. Mwaka 2014 walitwaa ubingwa wa klabu za Ulaya, wakiwafunga ndugu zao wa Kiel fainali. Ukerewe kwa sensa ya 2012 tulikuwa zaidi ya laki tatu. Basi watu tunao.

Najua shabiki wa boli ataniuliza haya yananihusu nini. Yanakuhusu. Al Ahly hao hao tuliowafunga 1-0 kwa Mkapa mwaka 2021, bao la Luis Miquissone, wana timu ya mikono. Zamalek nao wanayo, na wakikutana inakuwa dabi kwelikweli. Barcelona wanayo, PSG wanayo. Misri ikalima huko mpaka ikashika nafasi ya nne Olimpiki ya Tokyo.

Sasa kwa nini Simba na Yanga wasiwe nayo? Uwanjani ni watu saba kila upande, nusu ya dakika 30. Kikosi kizima na kocha wake Coaster moja inawatosha. Mshahara wa mgeni mmoja anayekaa benchi pale Msimbazi au Jangwani (mnawajua, sitaji mtu) ungeendesha timu msimu mzima na chenji ikabaki. Pamba Jiji nao wafikirie, maana Mwanza ikiwa na timu yenye jina, vijana wa visiwani watakuwa na pa kukimbilia. Na wewe unayelalamika suluhu ya 0-0 jua kali Kirumba, huku mabao 50 kwa mechi ni kawaida.

TAHA wao waanze na kanda. Nyumbani na ugenini kwa nchi nzima hatuwezi leo, nauli itatuua. Lakini Kanda ya Ziwa inawezekana: Mwanza, Musoma, Geita, Bukoba, Ukerewe. Timu ya Nansio inapanda kivuko Jumamosi asubuhi, inacheza mechi jioni ile Mwanza, inalala, Jumapili asubuhi inacheza nyingine na kurudi. Wiki inayofuata wenzao wanavuka kwenda kwao. Mabingwa wa kanda ndio wakutane na majeshi, tuone kama watafungwa kirahisi.

Ifanyike mapema lakini. Dogo yule wa mkono wa kushoto anafanya mtihani Novemba.