Ndege Wetu na Majina ya Wenyewe

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba ndege wa Marekani na Kanada walioitwa kwa majina ya watu watapewa majina mapya ya Kiingereza. Walisema wataanza na aina 70 au 80 hivi. Miongoni mwa waliopewa heshima hiyo zamani, walieleza, wamo watu ambao mwenendo wao haustahili kukumbukwa kwa jina la ndege. Tayari mwaka 2020 ndege mmoja alikwisha kuvuliwa jina la McCown, jemadari aliyepigania upande wa wenye watumwa.

Msomaji wa Kilifi au Lamu huenda akauliza, hayo yatuhusu nini sisi? Nasema yatuhusu. Katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha yuko mnana wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani ila katika kaunti ya Kilifi. Tangu mwaka 1913 vitabu vyamwita mnana wa Clarke, na hata jina lake la Kilatini latokana na Goland, jina la kwanza la bwana huyo huyo. Kwa miaka mia moja wataalamu hawakujua atagapo. Kiota chake kilipatikana mwaka 2013 katika vinamasi vya Dakatcha, na wenyeji wa kikundi cha kuhifadhi msitu huo walikuwemo katika kazi hiyo ya kukitafuta.

Hapo ndipo ninapovitazama vitabu vyenyewe. Zamani mzungu aliyetaka kumjua ndege kwa yakini alimpiga risasi kwanza. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alitoa kitabu cha kutia mfukoni, chenye picha na vishale vya kuonyesha alama za kila ndege, na bunduki ikaanza kuachwa nyumbani. Huku kwetu John G. Williams, aliyekuwa mtunza ndege wa jumba la makumbusho la Nairobi, alitoa chake mwaka 1963. Leo walio wengi hushika kile cha Stevenson na Fanshawe kilichotoka mwaka 2002 na kuchapishwa upya mwaka 2020, chenye aina zaidi ya 1,300 za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni kazi ya kusifiwa, sina neno nayo. Ila kila ndege mle ana jina la Kiingereza na la Kilatini, na mzee wa Mida aliyemwona ndege huyo maisha yake yote hawezi kumtafuta humo kwa jina alilofunzwa na babake.

Na mzee huyo ana mengi ya kusema. Katika hori la Mida huja ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hutaga kwao, katika fukwe na visiwa vya pande za Uarabuni: huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe, joto la mchanga likamsaidia kuatamia. Makinda yakisha kukua hushuka kwetu, njia ile ile ya majahazi ya Oman. Wavuvi humjua majira yake na bamvua analolipenda. Maarifa kama hayo yangefaa kuwa kitabuni.

Hata hudihudi, ambaye kila aliyesoma chuoni amesikia habari zake na Nabii Suleiman, hupita katika viwanja vya pwani yetu na watu wasimtambue. Na bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1966, urefu wake hauzidi shubiri moja. Watalii hulipa kuonyeshwa alipolala mchana, hali sisi wa hapa bundi twamfukuza kwa kumwogopa uchuro.

Wengine wameanza kumwita yule wa Clarke mnana wa Kilifi. Naafiki. Lakini jina hilo likichapishwa kwa Kiingereza peke yake, mchoma makaa aingiaye Dakatcha kukata mirihi hatakuwa amepata habari kwamba mti ule ni makao ya ndege asiye na kwao kwingine. Ndege huyo yu hatarini, na hatari yake ni shoka. Jina la mtu wa 1913 halimdhuru wala halimponyi.

Kitakiwacho si kitabu kinene cha bei ya mbuzi. Kijitabu chembamba chatosha, cha ndege 60 wa kuanzia Vanga hadi Kiunga, wenye picha, na majina ya Kimvita, Kiamu, Kibajuni na Kigiriama yamepangwa pamoja, kwa maana ndege mmoja aweza kuwa na majina matatu kabla hujafika Lamu. Wa kuulizwa ni wavuvi na wazee wa mashambani, tena waulizwe sasa wangali hai. Chozi, mdiria, yangeyange, keremkerem, kwarara: hayo matano nayaweka mimi. Aliye na mengine na ayaandike.